Gauni la Ubatizo la Kurithishwa: Mwongozo Kamili wa Kulishona kwa Sindano na Sala

Kila inapokaribia Pasaka na Noeli naletewa magauni ya ubatizo ya kurekebisha. Makosa ni yale yale. Shingo haipiti kichwa cha mtoto. Kitambaa kimesinyaa baada ya kufuliwa mara moja. Vikunjo vya kifuani vimejikunyata kama karatasi iliyolowa. Lesi imegeuka njano kabla mtoto wa pili hajazaliwa.

Mwongozo huu ni wa anayejua kuendesha cherehani kwa kiwango cha kawaida na anataka gauni moja litakalovaliwa na watoto wake, kisha wajukuu. Halina tofauti ya mvulana na msichana. Ukitaka kulipunguzia lesi kwa ajili ya mvulana, punguza.

Sala nimeziweka ndani ya kazi yenyewe, mahali ambapo mkono unatakiwa kwenda polepole. Gauni nyingi ninazozifumua ziliharibiwa na haraka, na sijapata dawa ya haraka inayozidi rozari.

Uanze lini

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 867, inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa ndani ya majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa. Mama aliyetoka kujifungua hana nafasi ya kukaa na sindano. Basi anza mimba ikiwa ya miezi sita, ushone saa moja au mbili kwa siku. Kama anayeshona ni bibi au msimamizi wa ubatizo, muda ni huo huo.

Vitu vya kuandaa

Usianze hadi vyote viwe mezani. Ukikosa kimoja katikati utaweka mbadala, na mbadala ndio utakaooza kwanza.

- Kitambaa cheupe cha pamba tupu, mita 2, upana wa sentimita 115. Tafuta melimeli nzuri au bafta laini. Popolini nyembamba inafaa pia, ila vikunjo vyake huwa vigumu kidogo.
- Lesi ya pamba yenye upana wa sentimita 2 hadi 3, mita 3.
- Uzi mweupe wa pamba, vigurudumu viwili. Uzi wa nailoni una nguvu kuliko kitambaa chembamba; ukivutwa, hukikata.
- Sindano mpya za cherehani namba 9, na sindano nyembamba za mkono.
- Vifungo vinne bapa vyenye upana wa milimita 10, vya chaza au plastiki nzuri. Visiwe na chuma hata kidogo.
- Pini nyembamba zisizo na kutu, mkasi unaokata kitambaa tu, mkasi mdogo wa nyuzi, futi ya kupimia, subana, penseli ya kuoshwa au kipande chembamba cha sabuni ya mche kwa kuchorea.
- Karatasi ya kaki ya kuchorea vipande, na pasi.
- Taulo jeupe la kutandika mapajani. Litakuokoa na jasho, chai na vumbi.

Usimwamini muuzaji anayesema "hii ni kotoni safi, mama." Omba kipande cha vidole viwili, nenda nje, kishike kwa koleo na ukichome. Pamba huwaka kwa moto wa njano, hunuka karatasi inayoungua na kuacha jivu laini linalopeperuka. Kikiyeyuka na kuacha chembe ngumu nyeusi, kina nyuzi za plastiki. Kitambaa hicho kitamtoa mtoto jasho, na hakitakubali vikunjo vyembamba. Lesi nayo ifanyie hivyo hivyo, kwa sababu hapo ndipo wengi hutapeliwa.

Vipimo

Unamshonea mtoto ambaye hujampima. Hana, mama yake nabii Samweli, alikuwa na tatizo linalofanana na lako. Kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 2, kinasema kila mwaka alimfanyizia mwanawe kanzu ndogo na kumpelekea Shilo. Alimwona mara moja kwa mwaka. Kila kanzu aliikata kwa kukisia jinsi alivyokua mtoto ambaye alikwisha kumtoa kwa Bwana. Soma mistari hiyo kabla hujachukua penseli. Kisha fanya kama mama yeyote anayekisia angefanya: zidisha kidogo.

Vipimo hivi vinamfaa mtoto wa tangu kuzaliwa hadi karibu miezi tisa. Havina nafasi ya mshono. Ongeza sentimita 1 kila upande unaoshonwa.

- Mzunguko wa kifua cha gauni: sentimita 54. Mgongo una 27, na kila nusu ya mbele ina 13.5 hadi mstari wa katikati.
- Urefu wa kifua, kutoka bega hadi pale sketi inapoanzia: 14.
- Shingo: upana wa sentimita 5 kutoka katikati kwenda kila upande, kina cha mbele 5, kina cha nyuma 1.5. Mzunguko mzima utakuwa kama 26 au 27.
- Bega: 6, likishuka kwa 1.5.
- Kina cha kwapa: 10.5.
- Mkono: upana 26, kimo cha kichwa cha mkono 5, urefu wote 12. Ukanda wa chini 18.
- Sketi: vipande viwili, kila kimoja upana 75 na urefu 74. Hivi viwili vimekamilika na nafasi zake zote.

Gauni hili linafunguka mbele, na hapa sikubali ushauri mwingine. Katika adhimisho la ubatizo padre humpaka mtoto mafuta ya wakatekumeni kifuani kabla ya maji. Nimekaa kanisani nikamwona mama kijana akivuta shingo ya gauni lililofungwa nyuma kwa vifungo sita, padre amesimama kidole kikiwa na mafuta, mtoto analia, hadi uzi ukakatika na kifungo kikadondoka sakafuni. Mtoto anayelala chali juu ya vifungo sita naye ana sababu ya kulia. Fungua mbele, kuanzia shingoni hadi sketi inapoanzia. Nafasi hiyo inatosha kupitisha kichwa, inatosha kidole cha padre.

## Hatua ya 1: Fua kabla ya kukata

Loweka kitambaa na lesi kwenye maji ya moto yenye sabuni laini, uviache hadi vipoe. Fua, suuza mara tatu, anika kivulini, piga pasi kikiwa na unyevunyevu.

Sababu ni kwamba pamba husinyaa, na lesi na kitambaa havisinyai kwa kiasi kimoja. Usipovifua kwanza, vitasinyaa siku ya kwanza ya kufua gauni, kila kimoja kivyake. Ndiyo maana unaona pindo la lesi linalojikunja kama mkia wa nguruwe.

Utajua umefaulu ukipima tena kitambaa na kukikuta kimepungua. Kikipungua, furahi: kimepungua mikononi mwako, hakitapungua mwilini mwa mtoto. Rudia mara ya pili kama una shaka.

## Hatua ya 2: Nyoosha, kisha kata vipande vikubwa

Karibu na ncha ya kitambaa, kata kidogo ukingoni, ushike uzi mmoja na kuuvuta taratibu. Kitambaa kitajikunja na kuacha alama nyembamba ya uzi uliotoka. Kata kwa kufuata alama hiyo. Hiyo ndiyo mstari ulionyooka kweli. Mstari wa dukani mara nyingi umekwenda kombo.

Sasa kata vipande viwili vya sketi, upana 75 kwa urefu 74. Ubavuni utabaki na ukanda mrefu wenye upana wa karibu sentimita 40 na urefu wa mita moja na nusu. Humo toa mistatili miwili ya 25 kwa 22 kwa ajili ya kifua cha mbele, kisha mgongo, mikono miwili na kanda mbili za mikono. Kipande kilichobaki mwishoni kiweke kwa ajili ya kanda za mshazari.

Onyo: kifua cha mbele usikikate kwa umbo lake sasa. Kibaki mstatili. Wanaokosea vikunjo, wengi hukosea hapa hapa: wanakata kifua kwa kipimo, kisha wanakunja, kifua kinakuwa kidogo, wanaanza kuvuta.

## Hatua ya 3: Vikunjo vya kifuani, na rozari

Hii ndiyo sehemu ndefu. Usiifanye usiku, usiifanye ukiwa na hasira.

Kila mstatili wa mbele utakuwa na vikunjo vitano, kila kimoja upana wa milimita 2. Kikunjo cha milimita 2 hula milimita 4 za kitambaa, kwa hiyo vitano hula sentimita 2. Ndiyo maana tumekata mstatili mkubwa.

Anza kwa kupata mistari. Usichore kwa rula, vuta uzi. Pima sentimita 7 kutoka ukingo utakaokuwa katikati ya kifua, inua uzi mmoja kwa ncha ya sindano, uuvute kidogo hadi uone mfereji mwembamba umekwenda toka juu hadi chini. Usiutoe wote, mfereji unatosha. Mfereji wa pili uwe sentimita 1.2 kutoka wa kwanza, na kuendelea hadi mitano.

Kunja kitambaa juu ya mfereji wa kwanza, ukibane kwa kucha ya kidole gumba kuanzia juu hadi chini. Usitumie pasi bado. Kitambaa kikiwa kimelala sawa kwenye mfereji utasikia kucha inateleza. Kikienda kombo utasikia inakwaruza. Masikio na kidole vitakuambia kabla ya macho.

Kata uzi wa urefu kama toka kwenye vidole hadi kiwiko, na robo yake juu. Uzi mrefu zaidi ya hapo hujifunga fundo na kuchakaa kwa kupita kitambaani mara nyingi. Shona bandi ndogo ndogo, milimita 2 kutoka ukunjo, ukichukua mishono minne au mitano kwenye sindano kabla ya kuvuta.

Hapa ndipo ninaposali. Kikunjo kimoja cha sentimita 22, mkono usipokimbia, hunichukua Baba Yetu, Salamu Maria kumi na Atukuzwe. Vikunjo vitano ni rozari nzima. Upande wa kulia husali Matendo ya Furaha: malaika anampasha Maria habari, Maria anakwenda kwa Elizabeti mwenye mimba, Yesu anazaliwa na kuvikwa nguo za kitoto, anatolewa hekaluni, anapatikana hekaluni. Kwa mama mjamzito, au bibi anayemsubiri mjukuu, matendo hayo hayahitaji maelezo. Upande wa kushoto husali Matendo ya Mwanga, yale ambayo Papa Yohane Paulo II aliyaongeza mwaka 2002, kwa sababu la kwanza lake ni Ubatizo wa Bwana katika mto Yordani. Kikunjo cha kwanza cha upande wa moyo, basi, ni Yordani.

Usihesabu kwa vidole. Vidole vina kazi. Weka pini kumi kwenye taulo mapajani, uhamishe moja kila unapomaliza Salamu Maria. Na kama mawazo yanatoroka, yatatoroka. Mishono itakuonyesha: pale akili ilipokwenda sokoni, mishono imekuwa mirefu. Ifumue hadi pale ilipoharibika, si zaidi, uanze tena kwa utulivu.

Kasoro na dawa zake. Kikunjo kikijikunyata, umevuta uzi kwa nguvu. Pitisha kidole gumba na cha shahada juu ya kikunjo toka mwanzo hadi mwisho baada ya kila sindano, kabla ya kuendelea. Vikunjo vikipanuka kuelekea chini, ulikunja nje ya mfereji. Kwa cherehani inawezekana pia: mshono wa milimita 2, kaza ya uzi wa juu ipungue kidogo, na ujaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Lakini ukitumia cherehani kila mahali pengine, hapa tumia mkono. Vikunjo vya mkono hulala laini kifuani pa mtoto.

Vikimalizika vitano vyote, piga pasi upande wa ndani, vikielekea kwapani. Umefaulu kama mstatili umelala mezani bila kuinuka popote, na ukiushika dhidi ya dirisha unaona mistari mitano sambamba yenye giza sawa.

## Hatua ya 4: Kata kifua, kunja njia ya vifungo

Sasa weka karatasi ya kifua cha mbele juu ya mstatili wenye vikunjo. Mstari wa katikati wa karatasi uwe sentimita 5 ndani ya ukingo wa kitambaa. Kikunjo cha kwanza kitatokea sentimita 2 kutoka katikati. Linganisha nusu zote mbili kabla ya kukata: ziweke uso kwa uso, vikunjo vikutane. Kisha kata, pamoja na nafasi za mshono.

Ukingo wa katikati ukunje ndani sentimita 2, ukunje tena 2, upige pasi, ushone. Itabaki sentimita 1 inayopita mstari wa katikati, na hiyo ndiyo itakayolaliana na mwenzake. Kitambaa cha tabaka tatu hapo kitashika vifungo bila kuchanika.

## Hatua ya 5: Mabega, kwa mshono wa kukunja mara mbili

Mishono yote mirefu ya gauni hili inafichwa ndani yake yenyewe. Ovaloku inatosha kwa nguo ya shule; hapa nyuzi zake zitamkwaruza mtoto, na zikifumuka miaka 20 baadaye hakuna wa kuzirudishia.

1. Weka vipande upande wa ndani kwa upande wa ndani. Ndiyo, kinyume na ulivyozoea. Shona milimita 5 kutoka ukingoni.
2. Punguza ukingo kwa mkasi hadi milimita 3. Usiache nyuzi zinazoning'inia, zitachungulia nje.
3. Geuza ili nyuso za nje zikutane, piga pasi mshono ukae ukingoni kabisa.
4. Shona tena milimita 5. Ukingo mbichi umefungiwa ndani.

Tumeongeza sentimita 1 ya mshono, na yote imekwisha hapo. Mshono ulionyooka ukiugusa kwa ndani uwe kama uzi mnene, bila unywele wowote.

Yohane anasema kanzu ya Bwana haikuwa na mshono, ilifumwa yote toka juu. Huwa nakumbuka hilo katika hatua hii, kwa kuwa ni upande wa ndani, usioonekana na mtu, ndio unaogusa ngozi ya mtoto.

## Hatua ya 6: Shingo

Kata ukanda wa mshazari wenye upana wa sentimita 3 na urefu wa 36. Mshazari ni lazima, maana ukanda ulionyooka hauwezi kuzunguka duara. Shonea kwanza lesi shingoni kwa bandi, ikiwa imekunjwakunjwa kidogo sana. Juu yake weka ukanda, uso kwa uso, ushone milimita 7. Toboa vijikato vidogo kila sentimita 1 kwenye nafasi ya mshono, geuza ukanda ndani, umalizie kwa mkono.

Onyo: usiweke kamba ya kuvuta shingoni, hata kama umeiona kwenye picha za magauni ya zamani. Kamba shingoni mwa mtoto mchanga ni hatari. Lesi ikiwa nene na ngumu, iache kabisa shingoni. Mtoto atachubuka kidevuni kabla misa haijaisha.

## Hatua ya 7: Mikono, kisha mbavu

Piga mistari miwili ya mishono mirefu, milimita 4, kwenye kichwa cha mkono na mingine chini. Vuta nyuzi hadi chini ilingane na ukanda wake, ushonee ukanda pamoja na lesi. Kisha vuta juu hadi ilingane na kwapa, marinda mengi yakae karibu na bega, machache pembeni. Shonea mkono kwenye kifua kikiwa bado wazi ubavuni. Ni rahisi mara kumi kuliko kuuingiza kwenye duara lililofungwa. Funika ukingo kwa ukanda mwembamba wa mshazari.

Ndipo ufunge ubavu na mkono kwa mshono mmoja wa kukunja mara mbili, kuanzia ukanda wa mkono, kupitia kwapani, hadi chini ya kifua.

## Hatua ya 8: Sketi

Funga mbavu za sketi. Gawanya mzunguko wa juu katika robo nne na kifua nacho hivyo hivyo, weka alama. Laza kwanza nusu mbili za kifua cha mbele, moja juu ya nyingine, mistari ya katikati ikutane, uzishike kwa bandi.

Piga mistari miwili ya mishono mirefu, mmoja milimita 6 na mwingine milimita 12 kutoka ukingoni. Ianzie na kuishia ubavuni, mbele peke yake na nyuma peke yake, kwa sababu uzi mmoja mrefu hukatika ukiwa umekaribia kumaliza. Vuta. Kipande cha sentimita 73 kinaingia kwenye 27, kwa hiyo marinda yatakuwa mengi. Yapange kwa ncha ya sindano, moja moja, kama unavyochambua mchele.

Shona katikati ya mistari hiyo miwili, marinda yakiwa juu uyaone. Kisha toa uzi wa chini unaoonekana, na ufunike ukingo wa ndani kwa ukanda wa mshazari. Mshono huu ukiwa na ncha mbichi ndio unaomkera mtoto, kwa kuwa unakaa pale anapobebwa.

## Hatua ya 9: Vitundu na vifungo

Vitundu vinne, urefu milimita 12. Shona kwanza mstatili mdogo wa mishono kuzunguka mahali pa kukata, ndipo ukate, ndipo uzungushie uzi. Ukikata kwanza kitambaa chembamba, kitafumuka mkononi.

Kifungo ni hatari kwa mtoto kikitoka, kwa sababu kitaingia mdomoni. Kishone kwa uzi wa nyuzi mbili, pitia kila tundu mara sita, zungusha shina, funga fundo mara mbili, kisha kivute kwa nguvu zako zote. Kikitoka, heri kimetoka kwako.

## Hatua ya 10: Vikunjo vya akiba, pindo na majina

Watoto hawalingani kwa urefu. Juu ya mahali pa pindo shona vikunjo viwili vipana, kila kimoja sentimita 1.5, kwa bandi ya mkono inayofumuka kirahisi. Vimekula sentimita 6. Mtoto mrefu akija, anayerithi atavifumua na gauni litashuka kwa kiasi hicho.

Kunja pindo: sentimita 1, kisha 6. Lishone kwa mkono, mishono isionekane nje. Ukingoni shonea lesi.

Pindo hilo la sentimita 6 limeachwa pana kwa sababu. Upande wake wa ndani utatarizi jina la ubatizo la mtoto na tarehe ya ubatizo, herufi zisizozidi sentimita 1, kwa uzi mweupe au wa buluu hafifu usiotoa rangi. Uzi huo ufue kwanza. Anzia kwenye mshono wa ubavu wa kushoto, uache nafasi kwa wengine. Mzunguko wa karibu sentimita 145 hubeba majina mengi.

Tarehe iwe ya ubatizo. Marehemu Papa Fransisko aliwahimiza waamini mara nyingi waijue tarehe hiyo na kuikumbuka, na wengi tukiulizwa inatubidi twende kutafuta cheti. Jina lisitariziwe kabla mtoto hajabatizwa. Kazi hiyo ni ya jioni ya siku yenyewe, au ya wiki inayofuata, gauni likiwa limekwisha kufuliwa.

## Siku ya ubatizo

Katika ibada yenyewe, vazi jeupe lina nafasi yake: baada ya maji na baada ya mtoto kupakwa krisma utosini, kabla ya kukabidhiwa mshumaa uliowashwa kutoka mshumaa wa Pasaka. Hapo ndipo yanatimia maneno ya Mtume Paulo kwa Wagalatia, kwamba waliobatizwa katika Kristo wamemvaa Kristo.

Parokia nyingine mtoto huvikwa hapo hapo, nyingine huja amevaa kutoka nyumbani na huwekewa kitambaa cheupe kifuani. Muulize katekista kwenye mafundisho ya wazazi na wasimamizi. Kama anavikwa hapo, fanya mazoezi nyumbani na mtoto akiwa macho. Vifungo vinne vinatakiwa kufungwa kabla hajakasirika.

Mvalishe fulana nyembamba ya pamba ndani. Beba taulo dogo la kukausha kichwa, na pamba ya kufuta mafuta yasitiririke shingoni. Krisma ni mafuta ya zeituni yenye manukato. Yakikaa kwenye pamba nyeupe miezi kadhaa hugeuka doa la njano.

## Kufua na kutunza

Usisubiri wikendi ijayo. Jioni hiyo hiyo nyunyizia doa la mafuta unga wa ngano, liache usiku mzima, likung'ute. Kisha paka sabuni ya maji, ngoja dakika kumi, fua kwa maji ya uvuguvugu kwa mikono. Maji ya kwanza, kwa heshima ya mafuta matakatifu, mimi huyamwaga kwenye udongo safi chini ya maua.

Usitumie dawa ya kung'arisha yenye klorini. Hula nyuzi za pamba na gauni litachanika kwenye vikunjo. Usitie buluu wala wanga kabla ya kuhifadhi. Wanga huita wadudu, na hugeuza njano. Litiwe wanga asubuhi ya siku litakapovaliwa tena.

Anika kivulini hadi likauke kabisa. Usilipige pasi ya mikunjo. Livingirishe juu ya taulo jeupe lililofuliwa, lifunge ndani ya kanga au shuka jeupe la pamba. Usitumie mfuko wa plastiki, kwa kuwa hushika unyevu, hasa ukiwa Tanga au Mombasa. Lisiguse mbao za sanduku wala pini wala bawaba ya chuma.

Na hili nalisema kwa msisitizo kuliko yote: usiweke naftalini. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, ambao ni wa kawaida katika nchi zenye malaria kama zetu, wanaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu kwa kuvalishwa nguo zilizohifadhiwa na naftalini. Mzazi hajui kama mtoto wake ana hali hiyo. Kama gauni ulilorithi lina harufu ya naftalini, lifue mara kadhaa na ulianike kwenye hewa siku nyingi hadi harufu iishe kabisa, na ukishindwa kuitoa, lisivaliwe.

Lifungue mara mbili kwa mwaka, ulikague, ulivingirishe upya kwa mkunjo tofauti. Mimi hufanya hivyo tarehe 26 Julai, sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna, bibi na babu wa Yesu, na tena wiki ya Ubatizo wa Bwana mwezi Januari. Siku hizo husoma majina ya kwenye pindo kwa sauti, na kila jina nalisalia Salamu Maria moja kabla ya kulifunga tena.